Tamko Kuhusu Upimaji wa Hali ya Noti za Zamani

Sisi wanachama wa chama cha wakusanyaji wa noti na sarafu mjini Babati, Mkoa wa Manyara, tunatoa tamko hili kwa wakazi wa mji na wilaya jirani, kwa wanaouza noti za zamani, na kwa wanachama wenzetu.

Muda wa kubadilisha noti za zamani uliotolewa na Benki Kuu ya Tanzania ulikwisha tarehe 5 Aprili 2025. Zilizohusika ni noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010 yenye picha ya Sheikh Abeid Amani Karume. Waliochelewa wamebaki na karatasi isiyonunua hata kiberiti, na sasa wanaambiwa kwamba huko nje kuna watu wanaoilipia mamilioni.

Tunasema wazi: uzee peke yake hauipi noti bei. Noti ya rupia ya Serikali ya Zanzibar, iliyoanza kutolewa 1908, hutafutwa hata ikiwa imechanika, kwa kuwa zilizosalia ni chache mno. Noti ya 500 ya mwaka 2003, ile yenye nyati, ilichapishwa kwa wingi na wengi wanayo. Kwa noti ya aina hiyo, hali ya karatasi ndiyo bei yenyewe.

Hali hiyo haipimwi kwa kutupa jicho. Noti ishikwe pembeni, isigusweguswe katikati, kisha inyanyuliwe kwenye mwanga ili matundu ya pini yaonekane. Baada ya hapo ilazwe mezani na kumulikwa tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga ukipita juu ya karatasi. Hapo mkunjo ambao macho hayakuuona hujichora kama uzi. Noti nyingi tunazoletewa zilikaa miaka kwenye pindo la khanga, zimekunjwa mara nne. Pale mikunjo inapokutana wino huchubuka kwanza, halafu hutokea kitundu kidogo. Mwenyewe huapa kwamba noti ni mpya kwa sababu haikuwahi kwenda sokoni!

Katika kipimo kinachotumika zaidi na wakusanyaji duniani, chenye alama 1 hadi 70, noti huitwa mpya ikifikia 60. Mkunjo mmoja wa katikati unaoonekana wazi unatosha kuishusha chini ya hapo. Kwa hiyo mwanachama wetu yeyote hataiita noti iliyokunjwa "mpya kabisa". Atamwonyesha mnunuzi kila tundu, doa, mpasuko na kipande cha selotepu kabla ya kutaja bei.

Lakini kipimo kisitumike kibubusa. Noti za muda zilizochapwa na Wajerumani katika nchi hii kati ya 1915 na 1917, manowari za Uingereza zikiwa zimeziba pwani, zilitumia karatasi yoyote iliyopatikana. Karatasi yake inayokwaruza na kingo zisizonyooka ni maumbile yake, na kuzihesabu kuwa kasoro ni kuionea noti.

Kinachotuumiza zaidi ni noti nzuri zinazoharibiwa na wanaotaka kuzipendezesha. Pasi hulaza ule wino ulioinuka unaousikia kwa kidole, na alama ya mkunjo bado hubaki ndani ya karatasi. Sabuni hupausha rangi. Laminesheni ndiyo mbaya kuliko zote: noti ikishapita kwenye ile mashine ya steshenari imegandamana na plastiki, na hakuna mkusanyaji makini atakayeitaka. Wenzetu wenye steshenari, mteja akikuletea noti ya zamani, tafadhali mkatalie. Bahasha safi ya karatasi, ndani ya kitabu kikavu, mbali na jua na mchwa, inatosha kuanzia.

Kwa wauzaji: kukata kingo ili noti ionekane haijachakaa, au kuipiga pasi na kunyamaza, ni udanganyifu, na chama hakitamtetea mwanachama atakayefanya hivyo.

Na kwa wananchi: usimtumie mtu yeyote "ada ya usajili" au "hela ya kutolea" kwa ahadi kwamba noti yako imepata mnunuzi. Mnunuzi wa kweli ndiye anayelipa. Ukitaka noti yako itazamwe, ilete kama ilivyo, usiioshe wala usiinyooshe. Hatutozi chochote kwa kuiangalia.

Limetolewa Babati, Manyara, kwa niaba ya wanachama wote.