Kiingilio cha mjusi wa Tendaguru kiifikie Lindi

MTU anayetaka kumwona mjusi mkubwa wa Tendaguru hapandi basi la kwenda Lindi. Husafiri hadi Berlin, Ujerumani, akakata tiketi katika makumbusho ya viumbe ya jiji hilo na kusimama chini ya kiunzi cha mifupa chenye kimo cha zaidi ya mita 13.

Watoto na wanafunzi hupunguziwa kiingilio. Upo pia usiku maalumu ambapo makumbusho ya Berlin huwa wazi hadi usiku mwingi. Ni utaratibu mzuri, wala hauna ubaya. Swali ni moja: Lindi inapata nini?

Tendaguru ni kilima kilicho umbali wa kilomita 60 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig walichimbua huko mifupa ya dinosaria walioishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Mamia ya wenyeji walichimba, chini ya usimamizi wa Mwafrika mwenzao, Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na zaidi ya tani 200 zikavuka bahari. Kiunzi kikasimamishwa Berlin mwaka 1937.

Suala hili limefika bungeni zaidi ya mara moja. Mwaka 2018 Serikali, kupitia aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Dk. Augustine Mahiga, ilieleza kwamba haitadai mjusi arudishwe, bali itatafuta manufaa kwa njia ya ushirikiano na Ujerumani.

Hoja hiyo ina uzito, kwani kusafirisha na kutunza mifupa dhaifu kiasi hicho ni kazi ya gharama kubwa. Lakini ushirikiano usio na hesabu hubaki kuwa maneno matamu. Katika hifadhi zetu Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa kuwa mali ni yake. Mtoto wa kijiji cha Mipingo, jirani na kilima hicho, hawezi kufaidi punguzo la Berlin, kwa sababu kabla ya tiketi kuna nauli ya ndege na viza.

Kwa hiyo mazungumzo yadai mambo matatu bayana: sehemu ya mapato ya kiingilio, nakala kamili ya kiunzi isimamishwe Lindi, na vijana wa Kusini wasomeshwe taaluma ya kuchimbua na kuhifadhi mabaki hayo.

Wapo watakaosema Lindi haina watalii. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo mkoani humo, ni urithi wa dunia tangu 1981. Mgeni anayefika Kilwa akipewa sababu ya kuendelea kusini, ataendelea. Sababu hiyo kwa sasa imesimama Berlin, na wajukuu wa walioibeba hawajaiona.