Hendaye: karibu laki moja mlangoni, polisi darajani

Wadau, leo naandika kwa hasira kidogo, mnivumilie. Wiki iliyopita kwenye semina yetu ya urithi na makumbusho, mwenzetu mmoja kawasilisha mada kuhusu Hendaye, mji mdogo wa Ufaransa uliobanana na mpaka wa Hispania, pale mto Bidassoa unapoingia baharini. Picha za kasri, picha za kisiwa, picha za ufukwe. Akamaliza kwa kusema huo ndio mfano wa mji uliojua kutunza historia yake, darasa zima makofi. Mimi sikupiga.

Siyo kwamba alidanganya, la hasha. Katikati ya mto ule kweli kuna kisiwa kiduchu, wao wanakiita Île des Faisans, yaani Kisiwa cha Kanga-pori tuseme. Urefu wake ni kama mita 200 tu. Hapo ndipo tarehe 7 Novemba 1659 Kadinali Mazarin wa Ufaransa na Luis de Haro wa Hispania walitia saini mkataba uliomaliza vita vya miaka mingi, na mwaka uliofuata binti mfalme wa Hispania akakabidhiwa hapohapo aende kuolewa na Louis wa 14. Mpaka leo kisiwa kinamilikiwa kwa zamu: kuanzia 1 Februari hadi 31 Julai ni cha Hispania, kuanzia 1 Agosti hadi 31 Januari ni cha Ufaransa. Nchi mbili zinapokezana ardhi kila miezi sita kwa amani kabisa, kama watoto wanavyopokezana baiskeli. Inapendeza. Kituo cha treni nacho kina historia yake, maana Hitler na Franco walikutana pale tarehe 23 Oktoba 1940 wakazungumza masaa kadhaa, na Franco asiingie vitani. Sawa, tumesikia.

Ila angalieni: hizo zote ni habari za wakubwa waliofika mpakani wakiwa na makochi na mazulia. Na watu waliovuka mto kwa miguu yao je?

Septemba 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoiteketeza Irun, mji wa ng'ambo ya pili, maelfu ya watu walikimbilia Hendaye. Wengine darajani na magodoro kichwani, wengine kwa mitumbwi. Miaka michache baadaye mkondo ukageuka. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mtandao wa siri uliojulikana kama Comète ulikuwa ukiwatorosha askari wa anga wa Uingereza na Marekani kupitia milima ya Wabaski, wanavuka Bidassoa usiku kuingia Hispania. Usiku wa kuamkia 24 Desemba 1943 mto ulikuwa umefura, wawili wakafa maji: Mbelgiji wa mtandao huo aitwaye Antoine d'Ursel, na mwanajeshi wa anga wa Kimarekani. Watu hutembea njia ile ya milimani kuwakumbuka wanamtandao hao, na wanastahili.

Sasa njoo 2021. Mto uleule. Mwaka huo mmoja vijana wasiopungua watatu kutoka Afrika Magharibi walikufa maji wakijaribu kuvuka kutoka Irun kwenda Hendaye. Kwa nini waogelee wakati madaraja yapo? Kwa sababu Ufaransa ilirudisha ukaguzi wa mipaka Novemba 2015 baada ya mashambulizi ya Paris, ikawa inauongeza muda tena na tena. Mtalii mwenye ngozi nyeupe anapita darajani anakula aiskrimu. Kijana mweusi anasimamishwa, anarudishwa.

Nilipouliza hili nikajibiwa eti "hiyo ni siasa ya uhamiaji, siyo urithi". Jamani! Wale wa Comète nao walikuwa wanavunja sheria ya siku zile, na ukikamatwa unapelekwa kambini. Walionwa mashujaa baada ya walinzi wa mpaka kushindwa vita. Kumbe basi kufa maji ndani ya Bidassoa kunakuwa urithi kutegemea umetokea upande gani na una rangi gani? Naomba mtu anijibu kwa hoja, siyo kwa kejeli.

Halafu lile kasri mlilolipigia makofi sasa. Limejengwa kati ya 1864 na 1879, juu ya jabali linalotazama bahari, kwa michoro ya Viollet-le-Duc. Mwenyewe ni Antoine d'Abbadie, mzaliwa wa Dublin, mama Muayalandi baba Mbaski, aliyewahi kuwa meya wa Hendaye (1871 hadi 1875). Mzee huyu na mdogo wake walikaa Ethiopia kama miaka kumi hivi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830. Aliporudi alikuja na miswada ya Kiethiopia zaidi ya 200, ambayo sasa imo kwenye Maktaba ya Taifa kule Paris. Kuta za kasri zimechorwa maisha ya Waethiopia. Viti vya chumba cha kulia vimeandikwa herufi za Kiamhari mgongoni, ukivipanga sawasawa unasoma dua ya kuomba pasiwe na msaliti mezani. Na juu ya mlango wa kuingilia kuna maneno ya Kiayalandi: karibu mara laki moja.

Yaani Afrika imo ndani ya nyumba ile kuanzia ukutani mpaka kwenye viti. Vitabu vyake vilivuka, picha zake zikavuka. Aliyekwama ukingoni ni mtu mwenyewe.

Haki isemwe, wako Wabaski wa pande zote mbili wanaowapa wahamiaji chakula na malazi na kuwaonya wasijitose mtoni. Hao kwangu ndio warithi halisi wa Comète, na kwenye ile mada hawakupata hata slaidi moja.

Kwa hiyo nyie mnaochukua mada za mipaka muhula huu, msituletee tena Hendaye ya 1659 na 1940 peke yake. Leteni na 1936, leteni 1943, na 2021 iwekwe hapohapo kwenye ramani ileile.