Kicheko Halali, Kikao Je?

Wapo vijana wetu wahudhuriao usiku wa vichekesho katika baa, nao husema: "Hatunywi, twacheka tu." Hoja hii yataka kupimwa kwa mizani ya sharia.

Kicheko chenyewe hakina lawama. Mtume (s.a.w.) alimtania bikizee kwamba vikongwe hawaingii Peponi, kisha akambainishia kuwa wataingia wakiwa vijana. Alitania, wala hakusema ila kweli. Ama kikao, katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi amekataza kuketi penye meza inayopitishwa pombe. Na Qur'ani (4:140) yatuamuru tusikae na wanaozifanyia shere Aya za Allah mpaka wabadili mazungumzo. Mchekeshaji akiigiza adhana ili walevi wacheke, kijana wetu huondoka, au hupiga makofi?

Hata hivyo, makemeo pekee hayatoshi. Huko Marekani, wachekeshaji Waislamu Azhar Usman, Mohammed Amer na Preacher Moss walitoa filamu ya vichekesho vyao vya jukwaani mwaka 2008. Sisi tumewaandalia nini vijana wetu Jumamosi usiku, ikiwa kumbi za madrasa hufungwa baada ya Isha? Tuufungue mlango wa halali kabla ya kuulaumu wa haramu kwa kujaa watu.

Wabillahi tawfiq.