Pojo Zasafiri, Mbebaji Ana Njaa

Juzi nilikuwa nikirudi Mombasa kutoka Nairobi, basi letu likapasuka gurudumu pale Kambu, mji mdogo wa njia kuu baina ya Kibwezi na Mtito Andei. Apitaye mbio huona vibanda na malori tu. Mimi nilishuka, nikapata saa nzima ya kuzungumza na watu.

Nyuma ya duka moja niliwakuta vijana wanne wakinyanyua vyuma. Nasema vyuma, kumbe ni makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Mmoja wao, mchukuzi wa magunia, alikuwa na mabega mapana lakini uso umemsinyaa. Nikamwuliza amekula nini tangu asubuhi.

"Chai ya rangi na mandazi mawili, mzee. Nadunduliza pesa ninunue mkebe wa ile poda ya misuli."

Na hayo magunia anayoyapakia kutwa, wasomaji wangu, yana nini ndani? Ndengu! Ndizo pojo zetu hizi hizi, zilizokuwa zikishuka kuja sokoni kwetu.

Gramu 100 za pojo kavu zina protini ipatayo gramu 24, na protini ndiyo matofali ya misuli. Ile poda nayo mara nyingi hutokana na maji ya maziwa yanayobaki jibini likigandishwa. Ni chakula, sikatai, na kipimo kwa kipimo inazishinda pojo. Lakini mwili wenye njaa huichoma poda ya ghali kama kuni, kwa sababu unatafuta nguvu kwanza, kujenga baadaye. Mkebe juu ya chai ya rangi ni hasara tupu.

Tuseme kweli yote. Pojo zikipikwa hunywa maji, hata gramu 100 za chunguni zikabaki na protini gramu 7 hivi. Mtu mzima hutakiwa apate kiasi cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku; anyanyuaye vyuma hutaka kama 1.6. Kijana wa kilo 60 basi anahitaji gramu 96. Hazipati kwa kijiko cha mchuzi. Ataka bakuli kubwa mchana na jioni, na yai (gramu 6 kila moja), na maziwa, na samaki au nyama ikijaliwa. Kisha alale.

Wakamba wana muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na mbaazi au kunde. Sisi tuna mseto wa mchele na pojo. Nafaka imepungukiwa na laisini, nayo imo tele katika pojo na mbaazi. Hizo nazo zimepungukiwa na methionini, nafaka ikazikamilisha. Bibi zetu hawakuyasikia majina hayo, na vyungu vyao vilikuwa sahihi.

Ugumu ni kuwa ndengu ni fedha. Mwaka 2018 kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, iligawa mbegu na kuwahimiza watu wazilime kwa ajili ya soko. Vyema, karo hailipwi kwa bakuli la mchuzi. Lakini mkulima auzapo gunia lote siku ya mavuno, bei ikiwa chini, kisha akarudi nyumbani na unga wa sima mtupu, mimi naona ameuza na mabega ya mwanawe. Debe mbili tatu zibaki ghalani.

Wala tusiwacheke wa bara. Vijana wetu wa Mombasa hushindia chipsi na soda, na pojo za nazi wakaziona chakula cha wasio na kitu, isipokuwa Ramadhani. Wao pia hununua mikebe na vidonge. Je, wanayasoma maandishi yaliyo juu yake? Maganda ya vidonge vingi ni jelatini, nayo jelatini huweza kuwa ya nguruwe.

Nilimwambia yule kijana aziloweke ndengu usiku kucha, maana alilalamika kuwa humjaza tumbo. Akacheka: "Mzee, mimi nazibeba tu. Kwetu ziliuzwa zote mwezi jana."

Honi ikalia. Nikanunua kilo nne dukani, mbili nikamwachia.