Kabla ya Sindano ya Testosteroni

Mwanamume mwenye kisukari anayeishi Musoma, Bunda au Butiama akianza kuona nguvu za kiume zinamwishia, mtu wa kwanza kulizungumza jambo hilo naye waziwazi mara nyingi si daktari. Ni muuza mitishamba wa stendi, au tangazo kwenye simu, au rafiki anayemsifia vumbi la Kongo. Kliniki hupimwa sukari na presha, hupewa metformini na tarehe ya kurudi, na habari ya chumbani haiguswi. Mtoa huduma anaona haya kuuliza, na mgonjwa anaona aibu kusema, hasa muuguzi akiwa na umri wa binti yake. Penye ukimya huo yuko muuzaji wa aina nyingine anayesubiri zamu yake, mwenye koti jeupe na lugha ya homoni, anayesema kwamba kinachokosekana ni testosteroni na kwamba sindano itarudisha ujana. Huko Marekani ameshafanya biashara nzuri: kati ya 2001 na 2011, wanaume wa miaka 40 na kuendelea waliokuwa wakiandikiwa homoni hiyo waliongezeka kutoka chini ya mmoja katika kila 100 hadi karibu watatu. Hakuna sababu ya kudhani kwamba atapita kando ya mkoa wetu wa Mara. Hoja ya makala hii ni kwamba maneno yake yana ukweli nusu. Testosteroni ya wanaume wengi wenye kisukari na kitambi imeshuka kweli, na kliniki zinakosea zinapokaa kimya. Lakini kwa walio wengi kushuka huko ni dalili ya ugonjwa mkubwa zaidi, na ugonjwa huo ndio wa kutibiwa kwanza.

Tuanze na takwimu, maana hapa ndipo mambo huchanganywa. Utafiti wa kitaifa wa 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kisukari kwa takribani Watanzania 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na shinikizo la juu la damu kwa mmoja kati ya wanne. Mwaka 2014 Mutagaywa na wenzake walichapisha matokeo ya wanaume 312 wa kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili: asilimia 55 walikuwa na shida ya kusimamisha kwa kiwango fulani. Muuzaji wa homoni akiisoma namba hiyo ataona soko. Ila utafiti ule ulihesabu wenye shida ya kusimamisha, na kwa mgonjwa wa kisukari shida hiyo hutokana zaidi na mishipa ya damu iliyoziba na mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari. Waliopima homoni yenyewe, kama Dhindsa na wenzake wa Buffalo, Marekani, mwaka 2004, waliikuta iko chini kwa karibu theluthi moja ya wanaume wenye kisukari cha aina ya pili. Na huko Ulaya, mwaka 2010, utafiti wa wanaume zaidi ya 3,000 wa miaka 40 hadi 79 uliposisitiza kwamba mtu awe na homoni ya chini pamoja na dalili tatu za kitandani, walibaki takribani wawili tu katika kila 100. Wale wa Ulaya walikuwa wanaume wa jamii nzima, si wagonjwa wa kisukari, kwa hiyo hatuwezi kulinganisha namba hizi moja kwa moja. Zinachoonyesha ni umbali uliopo kati ya anayelalamika, mwenye kipimo cha chini, na anayehitaji homoni kweli. Biashara hustawi palepale watu hawa watatu wanapofanywa kuwa mmoja.

Kwa nini homoni ishuke? Korodani hufanya kazi kwa amri. Hipothalamasi, ndani ya ubongo, huiamuru tezi ya pituitari, na pituitari hutuma homoni za kuziamsha korodani. Mafuta yanapojazana tumboni, kuzunguka ini na matumbo, huleta uvimbe wa chinichini usiouma na kuufanya mwili uikinze insulini, na amri kutoka juu hulegea. Ndiyo maana Dhindsa na wenzake walishangazwa na pituitari kuliko korodani: homoni ilikuwa imeshuka, lakini pituitari haikupandisha sauti kama ilivyotarajiwa. Kuna jambo la pili ambalo kipimo cha kawaida hakilionyeshi. Sehemu kubwa ya testosteroni husafiri katika damu ikiwa imebebwa na protini maalumu, na ukinzani wa insulini huipunguza protini hiyo. Mwenye kitambi anaweza kupimwa testosteroni yote, akaambiwa iko chini, wakati ile iliyo huru, inayofanya kazi, bado inatosha. Sasa ligeuze jambo hilo: uzito ukishuka, amri hurudi. Corona na wenzake walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2013 walikuta kwamba kupungua uzito kwa chakula kulipandisha testosteroni kwa wastani wa nanomoli 2.9 kwa lita, na kwa upasuaji wa tumbo 8.7. Kwa kuwa mpaka unaotumika sana wa kuita homoni "ya chini" uko karibu na nanomoli 10.4, hata lile ongezeko dogo linaweza kumvusha mpaka huo mtu aliye karibu nao bila kuchomwa sindano hata moja.

Mpinzani makini atauliza: mbona sindano nayo imeonekana kuzuia kisukari? Swali hili lina uzito, na halijibiwi kwa kulipuuza. Jaribio la Australia lililochapishwa 2021 liliwachukua wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, wenye viuno vya sentimita 95 na zaidi, ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda au kisukari chao kilikuwa kimegunduliwa karibuni. Wote waliwekwa kwenye programu ya chakula na mazoezi. Nusu wakachomwa testosteroni kila baada ya miezi mitatu, nusu sindano isiyo na dawa. Baada ya miaka miwili, wenye kipimo cha kisukari walikuwa asilimia 12 upande wa homoni na 21 upande wa pili. Ni tofauti ya kweli. Lakini homoni ilipewa juu ya programu, haikuchukua nafasi yake, na hata upande usio na dawa karibu wanaume 8 kati ya 10 hawakuwa na kisukari mwishoni. Gharama nayo ilionekana katika damu: mmoja kati ya watano upande wa homoni, asilimia 22, damu yake ilikuwa nzito kupita kiwango cha hadhari, dhidi ya asilimia 1 upande wa pili. Anayeanzishiwa dawa hii lazima apimwe wingi wa chembe nyekundu tena na tena, na hilo linadai maabara ya karibu na mgonjwa anayerudi. Dawa ilipokoma, korodani za wengi zilichukua takribani mwaka mmoja kurudi kazini.

Jaribio kubwa zaidi, lile la Marekani lililoitwa TRAVERSE, lilitangazwa 2023 likiwa na wanaume zaidi ya 5,200 wenye homoni ya chini na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata. Wauzaji walilishangilia kwa sababu mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikuongezeka: asilimia 7.0 kwa homoni, 7.3 kwa dawa bandia. Habari njema, na tuikubali. Wachache wao walisoma mpaka mwisho, ambako moyo kudunda bila mpangilio, figo kushindwa ghafla na damu kuganda mapafuni vilikuwa vingi zaidi upande wa homoni. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa washiriki haohao ulionyesha mambo mengine mawili: mifupa ilivunjika zaidi upande wa homoni, kinyume na matarajio ya wengi, na kisukari hakikuzuiwa wala kurudishwa nyuma. Hapo TRAVERSE na jaribio la Australia yanapishana, na maelezo yanayoingia akilini ni kwamba kule Australia watu walikuwa wakipunguza uzito kwa pamoja na kwa usimamizi. Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2018, kilikuwa tayari kimeshauri kwamba testosteroni isitolewe kwa ajili ya kushusha sukari.

Kwa Mara kuna kipengele kinachostahili kusemwa kwa sauti kuliko vyote. Testosteroni ya sindano huzima mbegu. Ubongo ukiona homoni imejaa katika damu husimamisha amri, na korodani, zisipoamriwa, huacha kutengeneza mbegu. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano ya kila wiki kama uzazi wa mpango wa wanaume, na matokeo ya 1990 yalionyesha kwamba kati ya wanaume 271, 157 waliishiwa mbegu kabisa. Kwa wengi hali hii hurudi baada ya dawa kuachwa, lakini baada ya miezi, si siku. Katika mkoa ambako mwanamume wa miaka 50 anaweza kuwa bado anaoa na anatarajia watoto, kumchoma dawa hii ili "kumrudishia uanaume" bila kumwambia hivyo ni udanganyifu, hata kama aliyemchoma alikusudia mema.

Pingamizi jingine hutoka kwa watumishi wenyewe wa afya: ushauri wa chakula na mazoezi umeshindwa, kwa nini tuendelee kuuimba? Mimi nadhani mara nyingi haukushindwa, haukutolewa. "Punguza wanga" haliwi ushauri kwa mtu ambaye kila siku anakula ugali wa muhogo. Kumwambia ni kiasi gani cha ugali huo, kwamba sato na dagaa wa ziwani wabaki na mboga iongezwe, kwamba soda na bia ndivyo vya kuanza kuviacha, kwamba safari ya bodaboda ya dakika tano ni ya miguu: huo ni ushauri. Na suala la nguvu za kiume linaweza kuufanya usikilizwe. Mwanamume asiyejali sukari yake kufika 14 atakaa kitini akiambiwa kwamba kitambi hicho kinamnyima kitu anachokijali.

Ila kitambi si hadithi nzima ya kanda yetu. George PrayGod na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza, walionyesha mwaka 2021 kwamba kwa watu wazima wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha kunachangia sana kisukari, tofauti na picha ya Ulaya inayotawaliwa na unene. Mgonjwa mwembamba wa Bunda mwenye sukari ya juu asiambiwe apunguze uzito alioupoteza tayari. Akiwa na homoni ya chini, sababu itafutwe kwingine: sukari isiyodhibitiwa, maambukizi ya muda mrefu, pombe, matubwitubwi yaliyoshukia korodani baada ya balehe, uvimbe wa pituitari.

Wapo, basi, wanaostahili homoni. Ni wale wenye dalili, ambao kipimo kimekuwa chini mara mbili, siku tofauti, kati ya saa moja na saa nne asubuhi kabla ya kula, na si wiki waliyougua malaria, kwa kuwa homa yoyote kali huishusha. Wasiwe na saratani ya tezi dume, damu nzito, moyo ulioshindwa, wala kiharusi au mshtuko wa moyo wa miezi sita iliyopita. Wengine wenye shida ya kusimamisha watafaidika zaidi na dawa za aina ya sildenafili zilizoandikwa na daktari, akijua kwamba hazichanganywi na dawa za moyo za jamii ya naitreti. Na wajue pia kwamba mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta sildenafili hiyohiyo imefichwa ndani ya unga na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba mitupu.

Atakayesema kwamba zahanati inayohangaika kupata vipande vya kupimia sukari haina nafasi ya anasa ya homoni, nakubaliana naye kuhusu homoni. Sikubaliani naye kuhusu swali. Kumuuliza kila mwanamume mwenye kisukari kama mambo ya chumbani yamebadilika hakuhitaji maabara, na jibu la "ndiyo" lina thamani kubwa, kwa sababu mishipa ya uume ni myembamba na huziba mapema, mara nyingi miaka michache kabla ya ile ya moyo. Kwa jibu hilo peke yake daktari wa Musoma au Butiama ana sababu ya kupima presha upya, kuangalia mafuta katika damu, kuuliza kuhusu sigara na kupitia orodha ya dawa, kwani baadhi ya zile za presha zenyewe hupunguza nguvu. Swali liandikwe kwenye kadi ya kliniki, chini ya sukari na presha, na liulizwe faraghani na mhudumu ambaye mgonjwa anaweza kumjibu. Na pale inapobidi homoni itolewe, habari ya watoto izungumzwe kabla ya sindano ya kwanza, mke akiwepo mgonjwa akiridhia.