Wahesabuo Makopo na Wasiouona Mkono wa Mtoto

Mwaka 1980 Stanley Kubrick, mtengeneza sinema wa Kimarekani aliyekuwa akikaa Uingereza, alitoa sinema ya kutisha iitwayo The Shining, kutokana na kitabu cha Stephen King cha mwaka 1977. Kisa chenyewe chasimulika kwa maneno machache. Jack Torrance, aliyekuwa mwalimu na sasa ataka kuwa mtunzi, achukua kazi ya kulinda hoteli ya mlimani wakati wa theluji, yeye na mkewe Wendy na mtoto wao Danny. Njia zafungika, akili ya mume yaharibika, na mwisho awaandama mkewe na mwanawe kwa shoka.

Juu ya kisa hiki yamejengwa maghorofa ya tafsiri. Mwaka 2012 Rodney Ascher alizikusanya baadhi yake katika filamu yake, Room 237, na vijana wetu huziona katika simu zao wakazipokea kama elimu. Twataka tuzitie mizanini, maana ugonjwa uliomo si wa sinema peke yake.

Wa kwanza ni Bill Blakemore, mwandishi wa habari, aliyeandika mwaka 1987 kwamba sinema hii yahusu kuuliwa kwa wenyeji wa asili wa Marekani. Huyu, haki yake tumpe, ana pa kushika. Meneja wa hoteli asema kwa ulimi wake kwamba jengo lilianza kujengwa mwaka 1907, kwamba mahali hapo pasemekana palikuwa makaburi ya wenyeji, na kwamba wajenzi walilazimika kupigana nao. Hilo ni tamko limo ndani ya kazi, si la kuzuliwa. Pia ayataja makopo ya unga wa kuumulia mikate yaliyopangwa stoo, yenye picha ya kichwa cha mwenyeji na jina Calumet, ambalo ni jina la kiko cha amani. Makopo peke yake yasingetosha, lakini yamekuja nyuma ya tamko, nasi twayapokea kama msaidizi.

Wa pili ni Geoffrey Cocks, mwalimu wa tarikh, asemaye sinema yaficha mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Kubrick alizaliwa katika jamaa ya Kiyahudi, na baadaye alitaka kutengeneza sinema juu ya mauaji hayo, kisha akaiacha. Hizo ni habari za mtu. Ndani ya sinema je? Twaonyeshwa mashine ya taipu ya Kijerumani, Adler, na nambari 42, kwa kuwa mauaji yalishtadi mwaka 1942. Nambari ya chumba, 237, nayo yazidishwa, 2 kwa 3 kwa 7, ikatoka 42! Na kwa nini isijumlishwe, ikatoka 12? Kwa hesabu ya namna hii, nambari ya mlango wa jirani yako yaweza kushuhudia lolote ulitakalo. Mwaka 2013 Leon Vitali, aliyekuwa msaidizi wa Kubrick, alieleza kuwa mashine ile ilikuwa ya Kubrick mwenyewe, nayo ilipendeza juu ya meza.

Wa tatu, Jay Weidner, ndiye mwenye ajabu zaidi. Asema Kubrick ndiye aliyecheza picha za kushuka mwezini mwaka 1969, na kwamba sinema hii ni ungamo lake la siri. Dalili zake? Danny avaa sweta lenye picha ya chombo cha Apollo 11. Na chumba, ambacho kitabuni ni 217, kimefanywa 237 kwa kuwa mwezi uko mbali nasi maili 237,000. Lakini masafa ya wastani ni karibu maili 239,000. Nambari nayo ilibadilishwa kwa ombi la hoteli ya Timberline huko Oregon, iliyopigwa picha kwa nje: wenyewe waliogopa wageni watakikimbia chumba chao cha 217, na 237 hawakuwa nacho. Sweta lilifumwa na rafiki wa mshona nguo wa sinema. Na tazama uzito wa dai hili: ni kuwatia uwongo maelfu ya watu waliofanya kazi, kwa ushahidi wa sufu!

Mabwana hawa wana ngao mbili. Ya kwanza: Kubrick alikuwa mwangalifu mno, hakosei, basi hata kiti kinachotoweka nyuma ya Jack katikati ya mazungumzo ni ishara. Hapo kosa limekuwa dalili na usahihi umekuwa dalili. Niambieni, kitu gani basi kitawakanusha? Ya pili: wakibanwa, wasema makusudio ya mtunzi si kitu, maana ni ya mtazamaji. Vyema. Lakini mliyesema ameficha siri ni nani? Asiyekusudia hafichi. Chagueni moja, kisha msimame hapo.

Lakini lituumizalo zaidi ni lile lililoachwa wazi wala halikuhitaji mfasiri. Mapema katika sinema, kabla ya jamaa hii kuhamia hotelini, Wendy amweleza daktari kuwa mumewe alirudi nyumbani amelewa, akamkuta Danny ametawanya karatasi zake, akamvuta mkono hata bega likateguka. Amweleza huku akitabasamu, akimtafutia mumewe udhuru, sigara mkononi majivu yamerefuka bila kukung'utwa. Daktari amsikiliza, uso umembadilika. Hakuna nambari hapo, wala kopo, wala ramani ya mwezi. Na hakuna hata moja katika tafsiri hizi tatu iliyofanya mkono ule kuwa msingi wake.