Z80 haitengenezwi tena: ukijiundia kompyuta sasa, anza na kupima chipu

Aprili 2024, kampuni ya Zilog ya Marekani ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza chipu za kawaida za Z80. Sababu? Kiwanda kinachoizalishia kilikuwa kinaondoa huduma hiyo. Oda za mwisho zilikuwa hadi Juni 14 mwaka huo. Chipu iliyoingia sokoni 1976 ikafungiwa mlango baada ya miaka 48.

Unaweza kusema, sasa mimi na simu yangu inanihusu nini? Subiri kidogo.

Nani bado anaitaka?

Duniani wapo watu wanaojiundia kompyuta ya bodi moja kwa mikono yao: prosesa, kumbukumbu, saa ya kuendesha mapigo na waya. Wengi huchagua Z80, ile ile iliyoendesha ZX Spectrum mwaka 1982.

Si kwa sababu ina kasi. Ina transista 8,500 hivi na inafikia kumbukumbu ya KB 64 tu. Simu yako ina mabilioni ya transista, na hakuna mtu mmoja anayeijua yote. Z80 mtu mmoja anaweza kuielewa mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo utamu ulipo.

Tatizo limehama

Zamani kazi ngumu ilikuwa kuunganisha. Sasa ngumu ni kuamini ulichonunua. Chipu mpya zikiisha, zinabaki zilizong'olewa kwenye bodi kuukuu. Nyingine zinasuguliwa jina la zamani na kuchapwa jipya. Unalipia Z80 ya CMOS inayokula umeme kidogo, kumbe umepewa NMOS ya zamani inayopata moto.

Habari njema ni kwamba chipu yenyewe inaweza kukuambia ukweli.

Jaribio la kwanza: isifanye kitu

Kwa Z80, namba 0 ni amri ya "usifanye kitu, nenda mbele". Kwa hiyo unganisha miguu yote minane ya data kwenye ardhi kupitia rezista, halafu weka taa za LED kwenye miguu ya anwani. Chipu nzima itaanza kuhesabu. Kwa mapigo 1,000 kwa sekunde, taa ya mwisho huwaka baada ya dakika mbili na ushee. Hapo hujaandika programu hata moja.

Angalizo: usiache mguu wa WAIT au RESET unaning'inia. Wengi huitupa chipu nzima kwa kosa hilo.

Jaribio la pili: mtego

Bodi ikishakubali programu, ipe amri ambayo haikuwekwa kwenye vitabu vya kampuni: ED 71. Kwa Z80 za Zilog, NMOS hutoa 0, CMOS hutoa 255. Jina likisema CMOS na jibu likiwa 0, umeuziwa kilichobandikwa jina.

Njia zilizobaki

Zilog bado ina eZ80, lakini haiingii kwenye soketi ile ile ya miguu 40. Kuna mradi huria unaojaribu kuchora Z80 upya ili yeyote aweze kuizalisha. Na kuna mpinzani wake wa zamani, 6502 ya mwaka 1975, ambayo toleo lake la CMOS bado linauzwa jipya na Western Design Center ya Marekani. Kwa anayeanza leo, hiyo ndiyo salama zaidi.

Kwa hiyo?

Kuelewa mashine yote hakukupi uwezo wa kuizalisha. Kiwanda kimoja kikibadili mipango, hobi ya maelfu inayumba. Lakini anayejua kupima hatapeliwi kirahisi. Mwenye simu ya mtumba mfukoni analijua hilo vizuri.